Madini kwenye chakula cha vifaranga vya sato: anza na maji, duka la pembejeo baadaye

Wadau habarini. Naandika hii kwa sababu nimeulizwa swali lile lile na watu watatu ndani ya wiki moja, mmoja yuko Kikatiti, mmoja Machame, wa tatu sijui hata yuko wapi ila ana bwawa la turubai, na wote wanalia kilio kimoja, vifaranga vya sato vinakula vizuri tu lakini havikui, vichache mgongo umepinda kama ndoano, na wote watatu walishakimbilia duka la pembejeo wakarudi na mfuko wa madini ya ng'ombe. Jamani. Madini ya ng'ombe ni ya ng'ombe. Mi mwenyewe nilishafanya huo ujinga kwa hiyo sicheki mtu, nakuja kueleza nilivyopigwa huko mbele.

Kitu cha kwanza kushika ni kwamba samaki sio kuku. Kuku kalsiamu yake yote inapitia mdomoni, samaki anaivuta kalsiamu kutoka kwenye maji yenyewe kupitia mashavu, saa ishirini na nne, hata akiwa hajala kitu. Fosforasi ndo kinyume chake, majini ni kidogo mno, kwa hiyo lazima itoke kwenye chakula. Mifupa inahitaji vyote viwili, ukikosa kimoja kingine kinakaa tu bila kazi. Ndo maana mtu anamwaga chokaa ya kuku wa mayai kwenye chakula cha vifaranga halafu anashangaa mifupa bado laini, na kibaya zaidi kalsiamu ikizidi kwenye chakula inakaba zinki na fosforasi zisinyonywe vizuri tumboni, yani umelipa hela ili umdhoofishe samaki.

Kwa hiyo anza na maji. Hapa kwetu maji hayafanani hata kidogo, na hili watu wa Arusha na Moshi tunalijua toka utotoni. Ukiwa juu huko Kibosho, Machame au Old Moshi, bwawa lako linalishwa na mfongo (mfereji wetu wa kienyeji) unaotoka msituni, hayo maji mara nyingi ni laini, hayajabeba madini mengi, na ni ya baridi. Ukija upande wa Meru kuanzia Usa River kwenda Maji ya Chai ni hadithi nyingine, maji ya volkano, yana magadi ya kutosha na floraidi, ile ile iliyotupaka meno rangi ya kahawia. Sasa hapo ndo watu wengi wanajikwaa. Ukipima pH unaikuta juu, ukionja yana kaukakasi, unasema aah haya maji yana madini kibao, siongezi kitu. Kumbe madini yaliyojaa ni sodiamu na baikaboneti, kalsiamu yenyewe unaweza kukuta ni kidogo kabisa.

Namna ya kujua bila maabara? Sabuni. Chukua chupa ya maji ya bwawa, chupa nyingine weka maji ya mvua, kata vipande viwili sawa vya sabuni ya mche, tikisa zote mbili. Maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi yanagoma kutoa povu, yanaacha utando mweupe mweupe kama maziwa yaliyokatika. Maji yakitoa povu jingi haraka kama yale ya mvua, ujue kalsiamu humo ni kidogo hata kama pH iko juu. Sio kipimo cha kisayansi cha kupeleka mahakamani ila kinakupa mwelekeo, halafu kama una hela kidogo peleka chupa maabara ya maji uwaambie wakupimie ugumu wa kalsiamu peke yake, alkalini (ile baikaboneti na jamaa zake) peke yake, na floraidi. Usikubali kupewa pH tu ukarudi nyumbani.

Ukikuta ugumu uko chini ya kama miligramu 50 kwa lita, ni nafuu zaidi kurekebisha maji kuliko kujaza kalsiamu kwenye chakula. Kwa yale maji laini ya mlimani, ambako alkalini nayo iko chini, weka chokaa ya kilimo, ile ya mawe ya kusagwa, sio chokaa ya kupaka nyumba maana hiyo inapandisha pH ghafla na vifaranga wanaelea asubuhi. Kwa maji ya upande wa Meru ambayo alkalini tayari iko juu, chokaa haitakusaidia sana, tumia jasi. Jasi inaongeza kalsiamu bila kugusa pH, na sisi tunayo nyumbani, inachimbwa Makanya kule Same. Hesabu yake nyepesi: gramu 2 za jasi kwa kila mita moja ya ujazo ya maji zinapandisha ugumu kama miligramu 1 kwa lita. Bwawa la turubai la mita za ujazo 10, unataka kupandisha kwa 25, ni gramu 500. Koroga kwenye ndoo kwanza, mwaga kidogo kidogo ukizunguka bwawa, gawa kwa siku mbili. Angalia tu iwe jasi yenyewe ya kusagwa, sio ile ya mafundi ya kupamba dari imechanganywa na vitu vyake.

Hapo hapo kwenye maji nisisahau jambo la watu wa kahawa. Shaba ni madini ambayo samaki anayahitaji, lakini ni kidogo sana, kama miligramu 3 mpaka 5 kwa kilo ya chakula, na anaipata yote kwenye chakula cha kawaida. Ile dawa ya kopa inayopigwa kwenye kahawa, mrututu na jamaa zake, ni shaba hiyo hiyo, na kwenye maji laini ya mlimani inaua vifaranga kwa kiwango kidogo mno. Kama mfongo wako unapita kwenye mashamba ya watu, siku wanapiga dawa funga mlango wa maji, na mvua ya kwanza baada ya hapo usifungue. Ongea na majirani wakwambie mapema. Nimeona bwawa zima la vifaranga likiondoka hivi na mwenyewe akalaumu chakula.

Haya, tuje kwenye chakula.

Shida kubwa ya chakula cha kutengeneza nyumbani ni kwamba kwenye karatasi fosforasi ipo. Pumba za mpunga zina fosforasi nyingi tu, mashudu ya alizeti yanayo, soya inayo. Ila sehemu kubwa ya hiyo fosforasi, kama theluthi mbili hivi, imefungiwa ndani ya kitu kinaitwa faiteti, na samaki hana kimeng'enya cha kutosha cha kukifungua. Inaingia mdomoni inatokea nyuma kama ilivyo, inaenda kulisha mwani, maji yanakuwa kijani kizito na alfajiri samaki wako juu wanavuta hewa. Na hiyo faiteti haiishii hapo, inakamata na zinki, manganizi na chuma, inaondoka navyo. Kwa hiyo kadri unavyopunguza dagaa na kuongeza mashudu na pumba kwa sababu dagaa wamepanda bei, ndivyo unavyomnyima kifaranga fosforasi na zinki bila kujua. Hayo mawili ndo ya kuyakazania. Mengine yapo ila ukiyaweka haya mawili sawa umemaliza kazi kubwa.

Dagaa ndo mkombozi kwa sababu wanasagwa na mifupa yake, na sato ana tumbo lenye tindikali kali kweli kweli, anaweza kuyeyusha mifupa ya dagaa akapata fosforasi yake. Sio samaki wote wanaweza, kwa mfano wale samaki wanaoitwa kapu (carp) hawana tumbo kabisa, mifupa inapita tu. Kambale naye ana tumbo, yuko sawa. Ila dagaa wa gunia nao kuwa makini, wengine wameanikwa chini, nusu mchanga. Tia konzi moja kwenye bakuli la maji, vuruga, angalia kinachobaki chini. Mchanga sio madini ya samaki hata kama muuzaji atakwambia una madini.

Sasa kama dagaa hawatoshi ndo unaingia DCP. Hii ni kalsiamu na fosforasi pamoja, fosforasi ndani yake ni kama asilimia 18. Ipo na ndugu yake MCP yenye fosforasi kama asilimia 22 na samaki anainyonya vizuri zaidi, ukiipata chukua hiyo, ila madukani kwetu DCP ndo ya kawaida. Unga wa mifupa nao unafaa, fosforasi yake ni kama asilimia 12 ikiwa umetengenezwa vizuri kwa mvuke. Maganda ya mayai hayana fosforasi ya maana, ni kalsiamu tu, na chokaa vile vile. Wanaokwambia saga maganda ya mayai uwape vifaranga wanaongea habari za kuku.

Na hapa ndo nilipopigwa. Mwaka ule nilinunua DCP dukani, mfuko umeandikwa vizuri kabisa, unga mweupe laini, nikaweka kwa kipimo changu. Mwezi wa pili vifaranga wana vichwa vikubwa na mwili mwembamba, mifuniko ya mashavu mifupi unaona nyekundu ya ndani, wengine mikia imekunjamana. Nikaongeza DCP. Ikawa mbaya zaidi. Siku moja mama yangu mkubwa akanitembelea, ananiangalia napima ule unga, akauliza we mwanangu hii si chokaa hii? Nikamwambia hapana mama ni dawa ya samaki. Akachukua ndimu jikoni akakamulia juu ya kijiko cha unga, ukachemka kama soda. Nikabaki namwangalia. Yeye anajua chokaa ya tumbaku toka kwa bibi zake, mimi na mahesabu yangu yote sijui. Chokaa ikikutana na tindikali inatoa mapovu, DCP ya kweli inakaa kimya au inatoa kapovu kidogo tu. Toka siku hiyo sinunui mfuko bila ndimu mfukoni. Mwombe muuzaji kijiko kimoja, kamulia hapo hapo mbele yake, akikasirika basi umeshapata jibu. Siki nayo inafaa.

Hiki ndicho chakula ninachotengeneza mimi kwa vifaranga kuanzia gramu moja hivi mpaka wafike kama gramu kumi, kilo 10. Unga wa dagaa kilo tatu na nusu, soya iliyokaangwa ikasagwa kilo mbili na nusu, mashudu ya alizeti kilo moja na gramu 200, pumba laini za mpunga au ngano kilo moja na gramu 700, unga wa muhogo gramu 700 wa kushikanisha, mafuta ya kula gramu 200, chumvi ya jikoni gramu 50, DCP gramu 100, premiksi ya samaki (mchanganyiko wa madini na vitamini wa dukani) gramu 50. Protini hapo inakaa kwenye asilimia 35 hivi kama dagaa ni wazima. Soya usiweke mbichi, ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe, kaanga mpaka inukie vizuri lakini isiungue.

Hiyo DCP gramu 100 kwenye kilo 10 inaongeza fosforasi asilimia 0.18 tu. Sato anahitaji fosforasi inayonyonyeka kama asilimia 0.5 mpaka 0.9 ya chakula, sehemu kubwa hapo inaletwa na dagaa, DCP inajazia pengo. Ukipunguza dagaa mpaka kilo moja na nusu ukajazia na soya, basi panda mpaka gramu 200 au 250 za DCP. Ukiwa na dagaa kilo nne na nusu unaweza usiweke kabisa. Unaona sasa kwa nini nikiulizwa "niweke DCP kiasi gani" nauliza kwanza una dagaa kiasi gani. Hakuna namba moja ya watu wote.

Mashudu ya pamba mimi siyaweki kwenye chakula cha vifaranga. Yana sumu inaitwa gosipoli, na hiyo inashikana na chuma tumboni, kwa samaki mkubwa kidogo sio neno lakini mdogo anadhoofu damu. Ukimwona kifaranga mashavu yamepauka badala ya kuwa mekundu, kabla hujawaza chuma angalia kama wauzaji wako hawajakuchanganyia pamba kwenye alizeti.

Kupunguza faiteti kuna ujanja wa nyumbani. Pumba za ngano zina kimeng'enya chake cha asili cha kuvunja faiteti, mahindi hayana cha maana. Kwa hiyo mimi nachanganya pumba za ngano na soya na mashudu, naloweka kwa maji ya vuguvugu, ya kuweza kutia mkono bila kuruka, yenye ndimu kidogo au maji ya togwa yaliyochacha, usiku kucha, asubuhi ndo naongeza vingine. Watu wa Moshi mna bahati zaidi, kimea cha ulezi kile cha mbege kina hicho kimeng'enya kwa sababu nafaka ikiota inakitengeneza yenyewe, konzi mbili za kimea kilichosagwa kwenye huo uloweko zinasaidia. Msimalize kimea chote kwenye samaki tu. Kimeng'enya cha kiwandani nacho kinauzwa, kiko vizuri, ila usikipitishe kwenye mashine ya moto mkali ya peleti maana kinakufa.

Premiksi sasa. Zinki, manganizi, madini joto, seleniamu, hivi vyote vinahitajika kwa miligramu, na miligramu hazipimwi kwa kijiko. Mfano zinki, sato anahitaji kama miligramu 20 mpaka 30 kwa kilo, ukiwa na pumba nyingi unaongeza kidogo kwa sababu ya faiteti. Kwa kilo 10 za chakula unazungumzia zinki salfeti kama gramu moja mpaka mbili tu. Ukikosea ukaweka kumi umefanya nini? Seleniamu ndo ya hatari kabisa, anahitaji chini ya nusu miligramu kwa kilo, na kuanzia miligramu kumi na kitu inaanza kumuua. Kuna mtu aliniambia anatoboa chupa ya sindano ya ng'ombe ya vitamini E na seleniamu anamwagia kwenye chakula. Chonde. Nunua premiksi iliyoandikwa ya samaki, soma kipimo kwenye mfuko, fuata hicho, sio kipimo changu.

Ukikosa ya samaki kabisa, premiksi ya kuku wa nyama ni afadhali kuliko ya kuku wa mayai, kwa sababu ile ya mayai mara nyingi imelenga kalsiamu ya ganda. Lakini jua kitu kimoja: premiksi ya kuku kwa kawaida haina vitamini C ya kutosha, kuku anajitengenezea mwenyewe. Samaki hawezi. Na kifaranga akikosa vitamini C mgongo unapinda vile vile kama aliyekosa fosforasi, ukiangalia kwa macho huwezi kutofautisha. Nimeshaona watu wanaongeza DCP miezi mitatu kumbe tatizo ni vitamini C. Na tena madini ya shaba na chuma yakikaa pamoja na vitamini C kwenye unga wenye unyevu yanaiharibu haraka, kwa hiyo chakula usitengeneze cha miezi sita, tengeneza cha wiki mbili tatu, premiksi uifunge vizuri ikae pakavu penye kivuli, sio juu ya bati la banda.

Mgongo uliopinda una sababu nyingine pia, wazazi wa ukoo mmoja kuzaliana wenyewe kwa wenyewe, au vifaranga walitikiswa na joto wakiwa mayai. Kama umenunua vifaranga mia tano na tayari kuna waliopinda siku ya kufika, hilo sio la chakula chako, ongea na aliyekuuzia. Ila wakifika wameneemeka halafu wanaanza kupinda kwako baada ya wiki sita, hapo tafuta kwenye chakula na maji. Jicho likianza kuwa na ukungu mweupe katikati na mapezi yanalika pembeni, fikiria zinki. Uvimbe kooni, chini ya taya, fikiria madini joto. Hili la madini joto lina historia ndefu, mwaka 1910 daktari mmoja Mmarekani, David Marine, alionyesha kwamba trauti waliokuwa na uvimbe kooni kwenye vituo vya kuzalishia walioaminika kuwa na kansa kumbe ilikuwa rovu ya kawaida, wakipewa madini joto inaisha. Sisi tunalimaliza kirahisi, chumvi ya jikoni Tanzania inawekwa madini joto, gramu 5 kwa kilo ya chakula zinasaidia upande huo. Chumvi ya mawe ya ng'ombe usiweke, na lile jiwe la kulamba ndo kabisa, limejaa chumvi na shaba ya ng'ombe.

Kuchanganya ndo kunaharibu wengi hata waliopima vizuri. Ukitupa gramu 50 za premiksi juu ya kilo 10 ukakoroga kwa mkono, kifaranga mmoja anakula yote mwingine hapati. Chukua premiksi, DCP na chumvi changanya na nusu kilo ya pumba kavu mpaka rangi iwe moja, ongeza nusu kilo nyingine, ongeza kilo, ongeza kilo mbili, unakwenda unazidisha hivyo. Kama unaloweka, hizi pumba kavu ziache pembeni kwa ajili hiyo. Muhogo upike uji mzito, changanya ukiwa wa vuguvugu, sio wa moto, halafu pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, anika kivulini. Jua kali linakula vitamini. Ukikauka ponda, chekecha, punje iwe ndogo kuliko mdomo wa kifaranga, chini ya nusu milimita kwa wadogo kabisa.

Kwa nini nasisitiza uji wa muhogo? Unga mkavu ukiumwaga majini, madini na vitamini vinayeyuka vinaondoka ndani ya dakika chache, kifaranga anakula makapi. Kwa hiyo wape kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, kile wanachomaliza ndani ya dakika kumi, usimwage kibakuli asubuhi ukaenda zako Kilombero sokoni.

Na kama bwawa lako ni la udongo lenye maji ya kijani ya wastani, usiumize kichwa sana. Vifaranga wanakula vijidudu vya majini na mwani, wanapata madini humo. Hii habari yote ni zaidi kwa wale wa turubai, tanki la plastiki na maji meupe yanayobadilishwa kila mara, ambao kifaranga hana pengine pa kuokota.

Vitu vya kwetu ambavyo watu wanavijaribu na havifai, nivitaje haraka. Mbolea ya Minjingu ni fosfeti kweli, na asili yake ni mifupa ya samaki na kinyesi cha ndege wa zamani wa Ziwa Manyara lilipokuwa kubwa, kwa hiyo mtu anaona kama ni jambo la asili, ila mwamba wa fosfeti una floraidi nyingi, weka shambani au kwenye bwawa la udongo kama mbolea, usiweke kwenye chakula. Magadi nayo vile vile, ya makande ni ya makande, yana floraidi na yanapandisha pH, usiseme mbona Natron kuna perege wanaishi humo humo, wale ni wa kwao wamezoea vizazi na vizazi. Mifupa ya supu unaweza kuisaga ukishaichemsha na kuianika vizuri, ila mkaa wa mifupa uliotoka kwenye chujio la maji la kuondoa floraidi, ule mweusi, usiuguse kabisa, kazi yake ilikuwa kukusanya floraidi na imekusanya.

Ukitaka kujua kama madini yako yanafanya kazi usisikilize mtu, hata mimi, jaribu. Weka hapa mbili kwenye bwawa moja (hapa kile chandarua, sio hapa ya hapa), kila moja vifaranga 50 walio sawa, moja wape chakula chako cha sasa, nyingine kile kile ila umebadilisha kitu kimoja tu, kwa mfano DCP kutoka 100 kwenda 200. Kila wiki wapime wote kwa pamoja kwenye ndoo ya maji juu ya mizani, toa uzito wa ndoo na maji, gawa kwa idadi. Hesabu waliopinda. Wiki sita zinatosha kuona. Chalii mmoja wa Tengeru alibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, wakakua vizuri sana, mpaka leo hajui ni kipi kilichosaidia na analipia vyote vitatu.

Ila hilo jaribio usilifanye mwezi wa sita na wa saba. Baridi ya hapa mnaijua, maji yakishuka chini ya nyuzi 20 sato anakula kwa kujilazimisha, na asipokula hata uweke madini ya dhahabu hayaingii. Kipindi hicho punguza chakula, wape mchana jua likishatoka, na mfuko wa DCP uliobaki ufunge vizuri mpaka joto lirudi.